Kiganja cha Renard

Kaka yangu Ozell Tolliver aliyaacha masikio yake kwenye kiwanda cha mbao cha Mabry, na kiwanda hakikumwambia hata ahsante. Aliingia pale kijana anayesikia panya akipita darini. Alipoanza kuota mvi ungeweza kufyatua bunduki nyuma ya kisogo chake, naye angeendelea kumenya karanga zake. Misumeno ile mikubwa haina huruma na mtu. Siku hizi wanagawa vya kuziba masikio. Enzi zetu waligawa kalenda.

Lakini wanaume wa misumeno si wajinga. Kwa kuwa hakuna aliyemsikia mwenzake, waliongea kwa mikono kutwa nzima. Ngumi kifuani: gogo hili bovu. Vidole viwili shingoni: bosi anakuja. Kiganja kikitazama chini, kikashushwa mara mbili: tulia, keti, acha kwanza. Mimi nilikuwa na dirisha langu la chakula pale getini, samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi, na yote niliyajifunza hapo, maana mtu akitaka pilipili zaidi hakupiga kelele, alikuna kidevu. Hadi leo dirisha lipo, na nikimwona mtu anajikuna kidevu kanisani mkono wangu unatafuta chupa ya pilipili.

Renard, mtoto wa pekee wa Ozell, alikulia ndani ya lugha hiyo. Mama yake, Odessa, alifariki mtoto hajaanza shule, nyumba ikabaki na wanaume wawili na mikono minne. Msidhani ilikuwa nyumba ya huzuni. Walibishana, walitaniana, walitukanana, na maharage yaliungua kila siku kwa kuwa hakukuwa na mkono uliobaki wa kuyakoroga. Mwalimu wa darasa la kwanza aliniita akaniambia mtoto huyu hajui kusema. Nikamwambia, mama, mtoto huyu anakusema tangu asubuhi, wewe ndiye hutazami.

Hapa Mabry, ukitaka kuiba, iba Ijumaa jioni, kwa sababu mji mzima uko uwanjani. Mpira wetu ni ule wenye umbo la yai, wa kubeba mkononi na kuangushana, na Renard aliumbwa kwa ajili yake: mabega mapana, shingo fupi, na macho yanayoona mambo kabla hayajatokea. Wakamweka mlinzi wa kati. Mlinzi wa kati husimama nyuma ya wale wanene wa mbele, huwatazama wapinzani walivyojipanga, na kwa pumzi mbili tatu huwaambia wenzake kumi nani aende wapi. Yeye akikosea, wote kumi wamekosea. Kocha wa shule alimtazama akatikisa kichwa. "Huyu mtoto ananyamaza mno," aliniambia. "Mlinzi wa kati ni mdomo."

"Mdomo wa nini," nikamjibu, "na makelele yote yale?"

Na kweli, watu wetu wakianza kupiga kelele pale jukwaani, hata Mungu angelazimika kuinua sauti. Renard akawafundisha wenzake mikono ya kiwandani. Ngumi kifuani ikawa: shambulieni katikati. Kiganja chini mara mbili ikawa: rudini nyuma, kila mtu alinde eneo lake. Vijana wa Mabry wakaanza kucheza kimya kimya kama wezi, na wakashinda.

Mikono hiyo ilimpeleka chuo kikuu, na kutoka chuo kikuu timu moja ya kaskazini, kule kwenye baridi, ikamchukua siku ya kugawana wachezaji wapya, karibu na mwisho wa orodha, watu wengine wakiwa wameshazima runinga. Miaka yake ya kwanza alikuwa wa kugongwa tu: mpira ukipigwa mbali, yeye hukimbia mbele na kujitupa kwenye rundo la watu. Aliishi hotelini. Alinipigia simu Jumapili kuuliza nimepika nini, nikimwambia ananyamaza, nasikia anameza mate. Halafu nahodha wao, aliyekuwa mlinzi wa kati, akavunjika mguu, Renard akaingizwa, na baada ya msimu mmoja hawakumtoa tena. Timu nzima ya watu wazima, matajiri, ikawa inaongea kwa mikono ya wapasua mbao wa Mabry. Watangazaji walimsifu kocha kwa ubunifu wake. Naye kocha hakukataa.

Jambo la kwanza Renard alilolifanya lilikuwa kumpatia baba yake kiti: chini kabisa, nyuma ya benchi, mechi zote za nyumbani. Ozell alipanda ndege akiwa amevaa kofia yake ya kanisani, hakuivua mpaka alipofika. Mchezo ukisimama kidogo, Renard aligeuka akamrushia neno. "Umekula?" Na Ozell, kati ya watu elfu sabini, "Soseji. Mbaya." Ninyi mliokuwa mnatazama kwenye runinga mlidhani anapanga vita. Alikuwa anamuuliza baba yake kama amevaa soksi.

Alioa pia. Simone, msichana wa huko huko, mzuri na mwenye subira, lakini subira ina mwisho wake. Alipoondoka aliniambia kwenye simu, "Shangazi, mume wangu akiwa na mimi ni kama yuko stesheni anangoja gari. Baba yake akija ndiyo anafika." Renard alikuwa na watu elfu sabini wa kuimba jina lake na mmoja wa kuongea naye, na yule mmoja alikuwa anazeeka.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu dunia nzima iliona siku ile, na dunia nzima iliona vibaya.

Ilikuwa Januari, theluji inaanguka, mechi ya mtoano, anayeshindwa anarudi nyumbani. Timu ya Renard inaongoza. Wapinzani wana mpira, wamebakiza hatua chache kufika mstari wa kufungia, na muda unakwisha. Wakizuiliwa mara hii moja, basi. Uwanja unanguruma, hakuna anayesikia kitu, macho ya wenzake wote kumi kwenye mikono ya Renard.

Kabla ya hapo Renard alikuwa ameangukiwa, akainuka akichechemea. Ozell alipoona mwanawe anashika goti, akasahau kwamba ule ni uwanja wa watu, si ua wa nyumba yake. Akashuka ngazi mpaka kwenye kizuizi, akapitisha mguu mmoja. Askari wa uwanja akamwita. Akamwita tena. Angeitikia nini? Askari akamshika bega kwa nyuma, Ozell akageuka kwa nguvu kama mtu anayevamiwa, na askari wa pili akaja mbio, mkono kiunoni. Sisi watu weusi wa nchi hii hatuhitaji kuelezwa mambo hayo huishia wapi: mzee asiyesikia amri, na mwenye sare anayeamini amedharauliwa.

Renard alikuwa amegeukia benchi kupata maelekezo. Nyuma ya bega la kocha akaona yote hayo. Mkono wake ukaenda wenyewe. Kiganja chini, mara mbili. Tulia, Baba. Keti.

Ozell akamwona. Akaketi palepale kwenye ngazi yenye theluji, mikono juu ya magoti ionekane, na askari wakalegea. Na walinzi kumi wa timu ya Renard, waliokuwa wakimtazama yeye tu, wakarudi nyuma kila mtu kwenye eneo lake. Katikati pakabaki peupe. Mpinzani akapita na mpira wake, akavuka mstari amesimama wima, bila hata kuguswa, na mechi ikawa yao.

Mimi nilikuwa ukumbi wa chini wa kanisa letu, na watu wote wa Mabry, mbele ya runinga kubwa. Shemasi mmoja alitupa kofia yake kwenye bakuli la saladi. Watu walishika vichwa. Mimi nilibaki nimesimama na sinia la kuku, nikasema kwa sauti, "Amemwambia nani akae?" Hakuna aliyenijali.

Renard alinipigia kesho yake.

"Shangazi, walikuwa wamemshika."

"Nani amemshika nani?"

Akanieleza. Nikaanza kulia na kutukana kwa wakati mmoja, kipaji tulichorithi kwa mama yetu. "Basi waambie!" nikasema. "Waite hao waandishi uwaambie!"

"Nikisema hivyo, jina la Baba ndilo litakalokuwa gazetini. Anajua nilimwambia akae. Hajui kwamba wengine nao waliambiwa. Wakati ule alikuwa anatazama askari, hakuona mpira. Akijua ni yeye, Shangazi, hatainuka tena."

"Kwa hiyo umesemaje?"

"Nimesema niliona vibaya. Kosa langu. Basi."

"Nard..."

"Asijue. Hicho tu ndicho ninachotaka duniani. Na wewe, mdomo."

"Mdomo wangu unaujua."

"Ndiyo maana nakuomba."

Basi nikaufunga mdomo, na wanaonijua wanajua ugumu wa kazi hiyo.

Timu ilimwacha kabla joto halijarudi. Akacheza mwaka mmoja huku, nusu mwaka kule, timu za kubahatisha, goti likamaliza kilichobaki. Na ile picha ikamfuata kila alikokwenda: Renard na kiganja chake kikitazama chini. Waliichapa kwenye fulana. Mtu akichelewa basi, akidondosha sahani, akiachwa na mke, wenzake walimshushia kiganja mara mbili na kucheka. Watoto wa shule za mbali huko, wasiojua hata Mabry iko jimbo gani, walifanya hivyo.

Akarudi nyumbani kwa baba yake. Angeweza kwenda kokote, fedha alikuwa nazo kidogo, lakini kokote kulikuwa hakuna mtu.

Siku moja alimpeleka Ozell kununua mbegu za mboga, wakasimama kituo cha mafuta. Buster Crale, ambaye alicheza naye shuleni na hajawahi kumsamehe kwa kufika mbali, akajitokeza mlangoni.

"Nahodha!" akapiga kelele. "Leo tukae au tusimame?"

Na kiganja, mara mbili. Waliokuwa wanaweka mafuta wakaangua kicheko, na mmoja naye akashusha chake. Ozell, ndani ya gari, hakusikia kicheko. Aliona mikono. Uso ukamng'aa. Akatoa mkono wake dirishani akawarudishia, kiganja chini, taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyesalimiwa na wazee wenzake. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Umeona?" akamwambia kwa mikono. "Hata Buster amejifunza. Mji mzima siku hizi unaongea lugha yetu."

"Ndiyo, Baba," Renard akajibu.

Alinisimulia hayo kwenye dirisha langu, akitazama mkate wake wa mahindi bila kuugusa. Nilikwenda kwa Buster jioni ileile. Sitasema nilimwambia nini, lakini kwa muda mrefu baada ya hapo, kila akija kwangu samaki walikuwa wamekwisha, hata kama amewaona kwa macho yake kwenye sinia.

Tangu siku hiyo Renard akaanza kupunguza. Aliacha kwenda kwa kinyozi. Aliacha kwaya, sauti nzuri ile. Kanisani alikaa kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya baraka, watu wasipate nafasi ya kumsalimia. Ijumaa jioni taa za uwanja zikiwashwa, yeye alifunga mapazia. Lililoniuma zaidi ni kwamba hata ndani ya nyumba maneno yalipungua. Ozell akitaka kuzungumza habari za mpira, Renard alijifanya ana kazi jikoni. Akitaka kukumbushia safari zake za ndege, Renard alibadilisha. Wanaume waliokuwa wakiunguza maharage kwa maneno sasa waliambiana mvua itanyesha, mvua haitanyesha. Nilipita pale mchana mmoja nikawakuta wamekaa barazani, kila mmoja mikono mapajani. Nikajua nyumba ile sasa imekuwa na viziwi wawili.

Vumbi la mbao ndilo lililommaliza Ozell, mapafu. Tulimlaza chumba cha mbele penye mwanga. Asubuhi moja Renard alikuwa ametoka kwenda kuchukua dawa, mimi niko karibu na kitanda namnywesha mchuzi. Ozell akasukuma kijiko pembeni. Mikono yake ilikuwa imekonda, lakini ilisema vizuri.

"Verlene. Siku ile ya theluji. Najua."

Nikajifanya sielewi. "Unajua nini?"

"Acha ujinga. Mtoto wa Buster ana fulana yenye mkono wa mwanangu. Mkono wa mwanangu naujua. Na siku ile najua alikuwa anamwambia nani." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nilijua nikiwa bado nimekaa pale kwenye ngazi. Nilimwona alivyogeuka akakuta wenzake hawapo walipotakiwa."

"Na kule kwenye mafuta?" nikamuuliza. "Ukampungia Buster, ukafurahi kama bwana harusi!"

"Buster ni mjinga tangu tumboni mwa mama yake. Nilimpungia ili Nard aone kwamba sijui."

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikaweka bakuli chini lisije likaruka. "Mnaishi nyumba moja! Mnakula meza moja! Kwa nini usimwambie mtoto apumzike?"

Ozell akainua mikono tena. "Amejinyima kila kitu ili nisijue. Nikimwambia najua, nimempokonya hata hicho." Kisha akaongeza, na mikono ikapungua nguvu, "Na nina aibu, dada yangu. Nilipitisha mguu kwenye kile kizuizi kama mtoto. Nikishazikwa, mwambie wewe."

Tulisikia gari. Yaani mimi nilisikia. Ozell aliona uso wangu, akachukua kijiko akaanza kunywa mchuzi wake kama hakuna lililosemwa. Renard akaingia na dawa. "Anaendeleaje?" akaniuliza. "Mvua itanyesha," Ozell akamwambia.

Alifariki wiki hiyohiyo.

Kanisani Renard alikataa kusema. Mchungaji alimwita mbele, akatikisa kichwa, na watu wakanong'ona, maana hawaachi. Makaburini walikuja hata wasiotarajiwa. Buster alikuja, amevua kofia. Wazee wa kiwandani walikuja, wale waliobaki, mmoja hana vidole viwili. Jeneza lilipoanza kushuka, Renard alisogea mpaka ukingoni. Akanyoosha mkono juu ya kaburi. Kiganja chini. Akakishusha mara mbili, polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya popote.

Wale wazee wakanyoosha mikono yao wakafanya vivyo hivyo. Kwao ilikuwa ni lugha tu: tulia, mzee, kazi imekwisha. Watu wa mji walitazama mikono hiyo yote, kisha wakatazama chini. Buster alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili, ameibana, kama anaogopa mmoja utamponyoka.

Nilimwambia Renard siku hiyohiyo, jikoni mwa kanisa, kwenye chakula cha msibani. Akina mama walikuwa wanapita na masufuria, kwa hiyo nilimwambia kwa mikono. Nilimwambia yote, pamoja na Buster, pamoja na aibu.

Alisimama pale, jitu zima lile, na suti iliyombana mabega.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ileile. Akiwa bado kwenye ngazi."

Nilingoja alie. Nilingoja hata anikasirikie mimi. Mikono yake iliinuka, ikabaki hewani muda, ikitafuta.

"Kwa hiyo," akasema, "tungeweza kuongea."

Miaka yote ile kila mmoja alikaa peke yake na siri, na siri yenyewe ilikuwa moja.

Bado anaishi katika nyumba ile. Nimemwambia aoe, nimemwambia awafundishe vijana wa shule, nimemwambia arudi kwaya. Anasema "Nimesikia, Shangazi," neno ambalo katika ukoo wetu halina maana yoyote. Kinyozi anamkata nywele tena, hilo nashukuru. Kituo cha mafuta hakuna anayemshushia kiganja, na sijui kama hiyo ni heshima au wameshamsahau. Nadhani yeye pia hajui.

Mchana kengele ya kiwanda ikilia anakuja kwenye dirisha langu. Anajua kusema, anasikia vizuri, lakini kwangu haongei kwa mdomo. Ananiuliza kwa mikono nimeamkaje, namjibu taratibu kwa sababu vidole vyangu vimekakamaa, naye ananingoja nimalize sentensi. Halafu, kabla sijampa sahani, anakuna kidevu. Renard hajawahi kupenda pilipili tangu utoto, baba yake ndiye aliyekuwa anaipenda. Namwagia. Anakula amesimama pale pale, machozi yanamtiririka, na nawaacha watu wafikiri ni pilipili.